Futi Mbili na Inchi Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Julai

Gari letu la kulala ndani lina urefu wa futi 37 na inchi 11. Kasema Dolores Haugen, msimamizi wa kambi ya Ziwa Kettle, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa amepiga magoti nyuma ya bampa na tepu ya kupimia mkononi. Kiwanja tulichohifadhi, namba 14, mwisho wake ni futi 35. Ziada: futi mbili na inchi kumi na moja.

Wendell alikataa. Alimpeleka Dolores ubavuni mwa gari, palipoandikwa 35 kwa tarakimu za dhahabu.

"Si hii hapa, dada! Thelathini na tano. Kiwanda chenyewe kimeandika."

"Hilo ni jina tu, mzee wangu. Nyumbani nina suruali imeandikwa saizi kumi. Nitazame vizuri, kisha uniambie kama ni kweli."

Wendell hakutazama. Mume wangu ana akili anapotaka.

Dolores akaeleza bila haraka. Namba ya ubavuni haihesabu bampa. Haihesabu ngazi ya nyuma, wala chanja cha baiskeli. Kila kiangazi wanaume wazima wanakuja hapa na namba ya ubavuni kama wamepewa na Musa mlimani. Mmoja alilia mwaka jana. Alikuwa jaji.

Nami niandike kosa langu. Miaka thelathini na sita katika gazeti la wilaya, Nebraska. Nimepima mvua ya mawe kwa rula. Nimepima hatua kutoka mlango wa benki hadi alipoangukia mwizi. Gari langu mwenyewe nimelisoma ubavuni na kuamini! Januari, saa mbili kamili asubuhi, viwanja vilipofunguliwa kuhifadhiwa, tulikuwa mezani na kompyuta mbili na simu moja. Tulikipata namba 14 kwa sekunde kumi na moja. Fomu iliuliza urefu. Wendell alijaza 35, mimi nikabonyeza kukubali.

Hali ilivyo jioni hii: mkia umegusa meza ya zege iliyochimbiwa ardhini. Pua iko barabarani karibu futi tatu, na koni tatu za rangi ya chungwa mbele yake. Ruhusa ni hadi kesho saa sita mchana.

Jambo lenyewe si dogo. Jumamosi hii Lyle, kaka yake Wendell, anatimiza miaka themanini. Baba yao aliwaleta hapa mara ya kwanza mwaka 1961, kiwanja hikihiki, na ndugu hawa hawajakosa mwezi Julai zaidi ya mara tatu. Lyle kawekewa nyonga ya chuma mwezi Februari. Hawezi tena kulala chini, wala kwenye kitanda cha kukunja. Hoteli ya karibu iko maili 46. Aliandika kwamba mwaka huu basi, na miaka ijayo pia basi. Wendell akamjibu kwa barua, nimeiona kwa macho yangu: "Njoo. Nitakuletea kitanda hadi ziwani."

Lyle akakubali. Atatoka Oregon Jumamosi alfajiri, anaendesha mwenyewe, maili 310. Huku milimani simu hazishiki. Hakuna wa kumzuia, na hawezi kuziendesha maili hizo mara mbili kwa siku moja.

Kitanda tunacho. Godoro jipya. Pa kukiweka ndipo hapapo.


Jumanne, 8 Julai

Tumetolewa namba 14 saa sita kasoro robo. Hakuna aliyegomba. Dolores kashauri tupige hema pale ili kiwanja kisiandikwe kwamba tumekiacha. Tumepiga. Malkia — ndilo jina Wendell alilolipa gari, mimi sikuulizwa — amepelekwa kwenye uwanja wa changarawe karibu na gati la boti. Pale unaruhusiwa usiku mmoja mmoja, kwa hisani, na kila asubuhi saa nne ruhusa huisha hadi Dolores aitoe upya. Si pa kumlaza mzee wa miaka themanini: tangu saa kumi alfajiri ni matrela ya boti na injini.

Kwa hiyo kuna hema bila gari na gari bila kiwanja. Wendell analala kwenye hema, mimi kwenye Malkia. Ndoa ya miaka arobaini na nne imetenganishwa na bampa.

Matumaini yako upande wa B. Viwanja 22, havihifadhiwi, anayewahi ndiye. Kuna namna ya kuvitafuta, na kila mtu hapa anaijua. Saa moja asubuhi unatoka na kikombe cha kahawa. Unatembea polepole kama mtu asiye na haja na dunia. Unamsifia mbwa. Unauliza samaki wanakulaje. Kisha, ukiwa umeshageuka kuondoka: "Hivi nyinyi mpo hadi lini?"

Nimewauliza wote 22. Watatu walijua ninachotaka kabla sijamsifia mbwa.

Nimepima pia. Ubao wa kila kiwanja una namba yake, na ubao nao, kama ubavu wa gari, ni maoni tu. Penye 30 nimepata 26. Penye 28 nimepata 33, lakini msonobari umesimama katikati. Vinavyomfaa Malkia ni viwili tu: namba 19 na namba 3.

Namba 19 ina familia ya Boise, wanaondoka Alhamisi. "Labda," kasema mama. Baba akatikisa kichwa nyuma yake: hakuna labda.

Namba 3 ubao unasema futi 40. Tepu yangu inasema 38 na inchi 4, hadi kwenye jiwe kubwa. Malkia anaingia na inchi tano zinabaki. Ndani ya kiwanja hicho kuna hema moja la kijani la mtu mmoja. Mwenyewe ni Ansel Pruett, fundi saa mstaafu wa Spokane, mvuvi. Wendell alishindwa kujizuia.

"Bwana, samahani. Hapa unatumia futi ngapi?"

"Saba," kasema Pruett. "Nikijinyoosha, saba na nusu."

"Na hizo nyingine thelathini?"

"Hizo nazitazama."

Nilimvuta Wendell mkono. Baadaye nilirudi peke yangu, na nilipata taarifa kamili kwa sababu niliuliza kwa adabu. Pruett aliingia Jumamosi ya tarehe 28 Juni. Sheria ni siku kumi na nne, hakuna nyongeza. Anatoka Jumamosi hii saa sita mchana. Kabla ya hapo hatoki — samaki wameanza kula jana.

"Mwambie bwana mkubwa asinichukie," kasema. "Nilifika, pakawa wazi. Hema langu linaingia popote. Ndiyo raha yake."

Kule kwenye changarawe tuna majirani: Kimball na Noreen Sorensen kutoka Utah, wenye trela refu jeupe. Watu wema kupita kiasi. Noreen kaleta mkate wa mamung'unya, bado wa moto. Kimball kamsaidia Wendell kusawazisha magurudumu. Nao wanasubiri namba 3.


Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Wendell ana kitabu cha kambi za misitu alichonunua kwenye mnada wa kanisa. Kinasema maili kumi na tisa juu ya bonde ipo kambi nyingine, Cutter Creek, "magari hadi futi 40, nafasi tele". Nilitazama mwaka wa kitabu: 1994. Nikamwambia. Akasema milima haihami.

Saa tatu na nusu tukaondoka, Malkia mbele, kigari chetu kidogo kikikokotwa nyuma. Lami iliisha baada ya maili nne. Ikaja barabara ya makorongo madogomadogo, ile inayotikisa hadi meno ya bandia. Kabati la vyombo lilifunguka lenyewe. Sahani sita, zimebaki nne. Wendell akasema nne zinatosha.

Saa tano na dakika kumi tulifika kwenye lango. Ubao wa kambi ni mpya, una rangi nzuri: mwisho futi 22. Pa kugeuzia palikuwepo. Ni duara lenye mti katikati. Baiskeli ingegeuka.

Nyuma yetu yalikuwa yamefika magari manne.

Ukiwa unakokota gari huwezi kupiga rivasi, vyuma vya kukokotea vinapinda. Kwa hiyo tulilifungua. Nikaliendesha nyuma ya wale wanne na kuliegesha kando. Kisha nikarudi kwa miguu na redio koli, nikasimama nyuma ya Malkia ili nimwongoze Wendell kinyumenyume. Maili moja na theluthi moja, hadi penye upana.

"Kushoto," nilisema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa gari."

"Gari linatazama mbele au nyuma?"

"Wendell, gari linatazama linakotazama siku zote."

"Usinifokee kwenye redio, watu wanasikia!"

Walikuwa wanasikia. Redio zile zina njia chache, na kambi nzima ya Cutter Creek ilikuwa kwenye njia ileile. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaingia: "Mama, mwambie akate kulia kwanza." Sauti nyingine: "Usimsikilize huyo, jana aligonga choo."

Madereva wa magari manne wakashuka. Kila mmoja akasimama mahali pake na kupunga mikono. Mmoja alipunga kuja, mmoja kusimama. Wa tatu alikuwa anafukuza nyuki, nimethibitisha baadaye. Wendell akawatii wote. Malkia akalala kwenye mtaro kwa tairi moja.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mfupi mwenye mbwa watatu. Aliwafunga mbwa kwenye kioo cha pembeni cha gari la mtu. Akawaambia wanaume wote wakakae. Walikaa! Akasimama mbele, si nyuma, mahali ambapo Wendell angemwona uso, na akamrudisha maili nzima kwa kidole kimoja. Dakika hamsini. Hakutaja jina lake. Alikuwa dereva wa basi la shule miaka thelathini, ndicho pekee alichosema.

Hatukuwahi kurudi kwenye changarawe. Mafuta yalikuwa kidogo, tukashuka hadi mjini, maili 46. Tumelala katika maegesho ya duka kubwa, pamoja na magari mengine kumi na moja ya aina yetu, yote chini ya taa nyeupe. Wendell kala maharage ya kopo akiwa amesimama. Akaliweka kopo chini.

"Lyle akifika na kitanda hakipo, Lorna, hatasema kitu. Ndivyo alivyo. Atalala kwenye kiti cha gari lake, na asubuhi ataniambia amelala vizuri."

Nikamwambia tuna siku mbili na nusu.


Alhamisi, 10 Julai

Namba 19 imepotea.

Tulirudi saa tatu asubuhi. Wale wa Boise walikuwa wanafunga mizigo — baba alishinda. Wendell akawahi kwa miguu na kuweka kiti cha kukunja katikati ya kiwanja, kisha akakimbia kumleta Malkia. Aliporudi, gari la Montana lilikuwa limeshaingia, na kiti chake kimekunjwa vizuri na kuegemezwa kwenye ubao.

Dolores kaamua papo hapo. Kiti si mtu. Kiti hakikalii kiwanja. Ama mtu mwenyewe awepo, ama chombo anacholalia kiwe ndani.

"Ningekaa mimi," nilimwambia Wendell.

"Wewe ulikuwa unahojiana na watu wa Boise."

Ni kweli.

Changarawe tena. Noreen kaleta supu ya viazi.


Ijumaa, 11 Julai

Wendell kamkata Malkia.

Nilikwenda kuoga saa nne. Niliporudi, chanja cha baiskeli kilikuwa chini kwenye changarawe, na ngazi ya nyuma ilikuwa inaning'inia kwa boliti moja. Wendell alikuwa ameazima msumeno wa chuma kwa Dolores. Dolores hakuuliza wa nini. Pruett, yule wa hema la kijani, alikuwa ameshika ngazi isimwangukie.

"Wewe si unamchukia?" nilimuuliza Wendell pembeni.

"Namchukia. Lakini ana mikono mizuri."

Mantiki yake ni hii, na sikuipata kasoro. Namba 14 bado ni yetu hadi Jumapili. Mwisho wake ni 35. Gari haliwezi kurefusha kiwanja, basi lifupishwe gari. Baba yake alipiga hema pale mwaka 1961, na Lyle akitoka nje asubuhi atataka kuona ziwa kutoka palepale.

Saa tano na nusu ngazi ilianguka. Kimball Sorensen akapiga makofi. Watu wawili wa boti nao wakapiga, bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Dolores kaletwa, na tepu yake. Alipima mara mbili, kwa heshima. Futi 36 na inchi 1.

"Umejitahidi sana," kasema. "Zimebaki inchi kumi na tatu."

"Inchi kumi na tatu! Dada, hizo ni kiatu!"

"Ni kiatu na soksi, mzee wangu. Na meza ya serikali haisogei. Nikikupa wewe, keshokutwa yule jaji anarudi."

Wendell akamzunguka Malkia hadi mbele. Akasimama akitazama bampa ya mbele kwa muda. Nimeuficha msumeno chini ya godoro.

Hesabu ya jioni. Namba 14 haiwezekani. Cutter Creek haiwezekani. Changarawe ni usiku mmoja mmoja, na wikiendi Dolores hatoi kabisa, boti zinajaa. Kwa hiyo Malkia ataondoka uwanjani kesho saa nne asubuhi, atake asitake. Imebaki namba 3, saa sita mchana, mtu akiondoka na mwingine akiingia. Sasa Malkia ataingia na futi mbili na inchi tatu za kubaki. Kimball naye anangoja. Tumekubaliana tutatendeana kistaarabu. Wendell na Kimball wamepeana mikono. Noreen kaniuliza naamka saa ngapi. Nikamjibu kwa uongo. Naye alivyonijibu, nadhani alifanya vilevile.


Jumamosi, 12 Julai

Saa nne na dakika tano asubuhi. Dolores alikataza kupanga foleni kabla ya saa nne. Saa nne kamili injini mbili ziliwaka pamoja. Tulitangulia kwa sababu Kimball alikuwa amesahau kufunga mlango wa trela, akashuka kuufunga. Malkia sasa yuko barabarani, mkia umelingana na mdomo wa namba 3. Trela la Kimball liko nyuma yetu. Pruett anaosha sufuria moja. Anaiosha taratibu sana.

Saa nne na nusu. Noreen amepita kwa miguu na kikapu. Pruett kamkaribisha kahawa. Kakaa kwenye meza ya namba 3, katoa sindano na uzi, anafuma. Anatupungia mkono.

Saa tano kasoro dakika kumi. Lyle kafika! Mapema kwa saa moja na zaidi, tulimtarajia saa sita. Kashuka na fimbo, kofia ileile, mguu mmoja mgumu. Akamtazama Malkia kutoka puani hadi mkiani.

"Shemeji, hii ndiyo nyumba? Kubwa kuliko niliyozaliwa."

"Heri ya siku yako, shemeji."

"Ahsante. Mbona iko barabarani?"

"Inasubiri," kasema Wendell.

"Inasubiri nini?"

"Yule bwana aondoke na hema lake."

Lyle akamtazama Pruett, akalitazama hema, akamtazama mdogo wake. "Baba alikuwa na hema dogo kuliko lile, na tulikuwa watano. Kitanda kiko wapi?"

"Nyuma kabisa. Lakini ngoja kwanza tuingie, kaka —"

"Nimekuwa kwenye kiti tangu saa kumi alfajiri, Wendell. Wewe subiri. Mimi sisubiri."

Akapanda. Nilimsaidia kwenye kipandio cha pili. Kajilaza na viatu vyake. Kasema godoro ni zuri. Kabla sijafunga pazia alikuwa ameshalala.

Saa sita kasoro dakika nane. Pruett kalikunja hema. Limeingia kwenye mfuko mdogo kuliko mkoba wangu. Kampa Wendell mkono, kampa Kimball mkono, kasema anakwenda kutafuta pengine pa kuweka futi saba. Kaondoka. Sheria ya saa sita imetimia kwa dakika nane za akiba.

Saa saba kasoro robo. Naandika nimekaa juu ya jiwe kubwa la namba 3. Mambo yamesimama. Yalivyokwenda ni hivi.

Wendell alianza rivasi mara tu gari la Pruett lilipopinda kona. Upande wote wa B ulikuwa umetoka na viti na vikombe. Nilisimama mbele yake, kama yule bibi wa mbwa, na kidole kimoja. Jaribio la kwanza alikata mapema mno. La pili, magurudumu ya nyuma yalipanda lami ya kiwanja, yote manne, safi. Watu wakashangilia. Kisha akasimama ghafla. Noreen alikuwa bado mezani kando ya lami, anafuma, miguu kainyoosha njiani, na mkia wa Malkia ulikuwa umebakiza futi sita kumfikia.

"Dada Noreen," nilimwambia, "tunaomba kupita."

"Mimi nimekaa hapa tangu saa nne na nusu, mpenzi. Kwa miguu yangu."

Kimball akaja, mwekundu masikioni. Alisema anatuheshimu sana. Alisema Dolores mwenyewe katoa uamuzi Alhamisi: mtu ndiye anayekalia kiwanja. Mke wake ni mtu.

"Na magurudumu yangu ni nini?" kauliza Wendell kutoka dirishani. "Samaki?"

Dolores akaletwa. Akasikiliza pande mbili. Akakumbusha kwamba alisema ama mtu, ama chombo. Hakuwahi kusema itakuwaje vikija vyote viwili, mtu wa huku na chombo cha kule.

Nikafanya kazi yangu. Nilichukua tepu, nikaenda nyuma, nikalipima trela la Kimball kutoka kwenye mkono wa kukokotea hadi bampa. Nikampa Dolores upande wa pili ashike, ili isisemwe nimebana. Futi 43 na inchi 2.

"Haiwezekani!" kasema Kimball. Akakimbilia ubavuni. "Imeandikwa 36! Tazameni wenyewe!"

Wendell kashuka garini. Nilidhani anakwenda kucheka. Akamwekea Kimball mkono begani. Wakasimama hivyo wote wawili, wakiitazama ile namba.

Basi trela haliingii hata kama Malkia akitoka. Nilifikiri imekwisha. Noreen alifuma mstari mmoja hadi mwisho, kisha kasema wanalo hema la wajukuu kwenye sanduku. Atalipiga hapa, atalala yeye, na Kimball atalala mjini kwenye maegesho na trela lake. Kuna ubaya gani? Yule bwana wa Spokane alikaa siku kumi na nne na hema.

Dolores kapiga redio kwa bwana misitu, mkubwa wake, aje aamue.

Akamwomba Wendell amsogeze Malkia mbele wakati tunangoja, kwa sababu magari saba yamefungiwa kwenye mzunguko. Wendell kakataa, kwa upole. Kasema kuna mzee kitandani, sheria hairuhusu kuendesha gari mtu akiwa amelala ndani bila mkanda, na yeye hamwamshi. Rivasi ya muda huu hakuitaja.

"Unaweza kumwamsha," kasema Dolores.

"Naweza. Simwamshi."

Saa saba na robo. Magari ni tisa sasa. Mtu kawasha jiko, soseji zinanukia upande wote wa B. Dirisha la nyuma la Malkia liko wazi, na Noreen kasikia.

"Nani anakoroma hivyo?"

Nikamwambia ni shemeji yangu. Nyonga ya chuma, maili 310, miaka themanini leo. Tuliahidi kumletea kitanda ziwani. Kaziweka sindano mezani. Kauliza kama anakula keki ya karoti. Nikasema anakula. Kamtuma Kimball kwenye trela akaangalie karoti.

Hakuinuka lakini.

Saa nane kasoro dakika ishirini. Nimepima jambo moja zaidi kabla bwana misitu hajafika, ili atakapouliza niwe na jibu. Chumba cha kulala kiko nyuma kabisa ya gari. Kutoka bampa ya nyuma hadi ukingo wa barabara ni futi 14 na inchi 9. Kitanda kinaishia futi 8 na nusu kutoka bampa hiyo. Kitanda cha Lyle, chote, na Lyle mwenyewe, viko ndani ya kiwanja namba 3. Jiko, usukani na Wendell viko barabarani.

Nimemwonyesha Dolores. Kaisoma tepu, kaandika kwenye kijitabu chake, kasema hilo atamwachia bwana misitu aamue. Anafika saa nane kamili.